Jinsi ya kuyaelewa majina ya Kijapani ya loki za viungo bila kukariri orodha

Kwenye judo na aikido, michezo ya mapigano ya Kijapani, sensei (mwalimu) akitaja jina la loki, yaani mbinu ya kukibana kiungo cha mwenzio mpaka asalimu, kitu unachotakiwa kukijua kabla hujagusa mkono wa mwenzio ni kimoja tu, huu mkono unanyooshwa au unakunjwa? Na jina lenyewe linakwambia, tena wazi kabisa, ila wengi wetu tumeyakariri haya majina kama namba za simu, jina hili mkao huu, jina lile mkao ule, basi. Mi nilikariri hivyo mwaka mzima. Siku moja akaja mwalimu mgeni, akasema ude-garami, na kichwani mimi nikashika lile "ude" tu, najua ude ni mkono, na loki zote za mkono nilizokuwa nazijua zilikuwa za kunyoosha, kwa hiyo nikaushika mkono wa mwenzangu nikaunyoosha wakati yeye kashaulegeza anasubiri ukunjwe. Kiwiko kikalia. Wiki tatu hakuweza kunyanyua ndoo ya maji kwa mkono ule, na ni mtu ambaye kazi yake yote ni ya mikono. Toka siku ile jina la loki kwangu ni maelekezo, na ndo sababu naandika hii.

Tuanze na matamshi, maana hapa tuna bahati sana. Kijapani kina irabu tano, a e i o u, zinasomwa karibu sawasawa na zetu, na silabi karibu zote zinaishia na irabu, ukiacha ile n inayokaa peke yake kama kwenye kansetsu au sankaku (na sisi tunayo, kwenye nta na nchi). Kwa hiyo ukikuta neno la Kijapani limeandikwa kwa herufi za Kilatini lisome tu kama unasoma Kiswahili, hautakosea mbali. Mambo matatu ya kuangalia. Moja, sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, ga-TA-me, wao hawakazi hivyo, silabi zote zinatoka kwa uzito uleule, kwa hiyo punguza mkazo. Mbili, kuna irabu ndefu ambazo mara nyingi haziandikwi, juji kwa kweli ni "juuji" na hilo juu lake linatamkwa kama juu yetu ya juu ya meza, dojo ni "doojoo", judo ni "juudoo". Tatu, konsonanti ikiandikwa mara mbili, kama ippon, ikkyo, maitta, unaishikilia kidogo kabla ya kuiachia, usiimeze.

Alafu kuna maneno ambayo sikio la Mswahili linayajua kwa maana nyingine kabisa na yanachanganya wiki za mwanzo. Waza kwetu ni kufikiri, kwao ni mbinu. Mate kwetu ni ya mdomoni, kwao ni amri ya refa, subiri, simama hapohapo. Hara kwao ni tumbo, na kwa Mswahili hili halihitaji hata kukaririwa, ukisikia hara tayari umeshawaza tumbo. Uke ni yule anayefanyiwa mbinu, linatoka kwenye kitenzi ukeru, kupokea, na anayefanya anaitwa tori, kutoka toru, kuchukua. Kwa hiyo tori anachukua, uke anapokea. Mkiwa na watoto au watu wapya darasani waelezeni hilo neno mapema na kwa utulivu, likishaelezwa vizuri siku ya kwanza linakuwa neno la kazi kama mengine. Na kata, hiyo nitairudia, maana hiyo ina mambo yake.

Sasa jina la darasa zima. Loki za viungo zinaitwa kansetsu-waza, kansetsu ni kiungo kwa maana ya pale mifupa miwili inapokutana, waza ni mbinu. Kwenye judo kansetsu-waza zimo ndani ya kundi kubwa zaidi linaloitwa katame-waza, lenye makundi matatu: osaekomi-waza ambazo ni za kumbana mtu chini mgongo ukiwa kwenye mkeka, shime-waza za kukaba, na hizi za viungo. Kodokan, yaani makao ya judo aliyoyaanzisha Jigoro Kano Tokyo mwaka 1882, kwenye orodha yao rasmi toka 2017 wana mbinu 100, za kurusha 68 na za katame 32, na kwenye hizo 32 za kubana ni 10, za kukaba 12, za viungo 10. Kumi tu! Ukijua maneno kama kumi na mbili unaweza kuzisoma zote bila kufungua daftari.

Anza na sehemu za mwili. Kiswahili chetu tunasema mkono kuanzia begani mpaka kwenye vidole, wao wanagawanya: ude ni mkono wenyewe ule mrefu, te ni kiganja na vidole ingawa mara nyingine linabeba mkono wote, na kote ni ko, yaani dogo, ukiunganisha na te, "mkono mdogo", ndo ile sehemu ya kuanzia chini ya kiwiko mpaka kwenye kifundo. Kifundo cha mkono kwa Kijapani ni tekubi, te na kubi, na kubi ni shingo, kwa hiyo wao wanaona pale ni shingo ya mkono. Sisi tumeona fundo, wao wameona shingo, na ukishika kifundo cha mtu ukalifikiria lile neno unaelewa kwa nini aikido wanapashika kama mtu anayeshika shingo ya kuku, palepale penye wembamba. Kifundo cha mguu nacho ni ashikubi, shingo ya mguu. Ashi yenyewe ni mguu wote mpaka unyayo, hawagawanyi, na hapa tunafanana nao kabisa maana na sisi mguu ni mguu. Kiwiko ni hiji, goti ni hiza, na hizi mbili zinafanana mno kwenye sikio la mtu aliyechoka mwisho wa mazoezi. Mi nilizitenganisha kwa kuzisema kila nikizigusa, hiji huku nashika kiwiko, hiza huku nashika goti, siku saba hivi zikakaa. Kwapa ni waki, bega ni kata, kidole ni yubi.

Maneno ya kitendo ndo yenye dhahabu. Hishigi linatoka kwenye hishigu, kuponda, kusagasaga. Garami linatoka kwenye karamu, kujiviringisha kama mmea unavyopanda kwenye nguzo. Gatame linatoka kwenye katameru, kukifanya kitu kiwe kigumu, kiimarike, kama udongo unavyokauka au zege linavyoshika. Gaeshi ni kutoka kaesu, kurudisha au kugeuza. Hineri ni kusokota, mawashi ni kuzungusha, osae ni kukandamiza, nobashi ni kunyoosha, kime ni kukaza mpaka kitu kinatulia pale kilipo.

Utajiuliza mbona mara katame mara gatame, mara karami mara garami. Ni neno lilelile, likisimama mbele linaanza na sauti nyepesi, katame-waza, likishikana nyuma ya lingine linakuwa zito, juji-gatame. K inageuka g, sh inageuka j (shime-waza lakini juji-jime), t inageuka d, h inageuka b. Hasami, mkasi, ikawa kani-basami, mkasi wa kaa, ile ya kuruka na miguu miwili ambayo imepigwa marufuku kwenye judo. Si jambo geni kwetu, sisi tunasema ulimi ikawa ndimi, mti mrefu ikawa nyumba ndefu, na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo ukisikia neno usilolijua linaanza na g au j katikati ya jina, jaribu kulirudisha kwenye k au sh utakuta unalijua.

Haya, kusoma jina zima. Chukua ude-hishigi-waki-gatame. Neno la kwanza ndo linaloshambuliwa: ude, mkono wa uke. La pili ni mkono utapata nini: hishigi, kupondwa. La tatu ni chombo unachotumia wewe: waki, kwapa lako. La mwisho ni aina, gatame, unakaza. Kwa hiyo ni kuuponda mkono wake kwa kukaza na kwapa lako, na ndivyo ilivyo, unaupitisha mkono wake chini ya kwapa, unaubana kwenye mbavu, unaelemea juu ya kiwiko chake. Ukishaiona hii mara moja zilizobaki zinafunguka zenyewe, ude-hishigi-hiza-gatame unatumia goti, ude-hishigi-hara-gatame unatumia tumbo, ude-hishigi-ashi-gatame mguu, ude-hishigi-te-gatame mikono yako, ude-hishigi-ude-gatame mkono juu ya mkono, unaunyoosha wake ukiwa umebanwa karibu na bega lako alafu unakandamiza kiwiko kwa mikono yako miwili.

Hapa ndo watu wengi wanakosea na naomba ukae napo. Wakisikia hiza-gatame wanadhani ni loki ya goti, wanamwendea mwenzao kwenye goti. Hapana jamani. Goti ni la kwako wewe, kinachoumia ni kiwiko chake. Kosa linatokea kwa sababu watu wanafupisha, wanaitupa ile ude-hishigi ya mbele kwa vile ni ndefu, sasa jina likibaki hiza-gatame peke yake aliyezoea anajua na mgeni hajui. Ushauri wangu, miezi sita ya kwanza sema jina lote, hata kama wenzio wanafupisha.

Nafasi ya tatu mara nyingine inakaa umbo badala ya chombo. Juji ni umbo, ji ni herufi na ju ni kumi, na kumi kwa maandishi yao ni msalaba, 十, kwa hiyo ude-hishigi-juji-gatame ni wewe na mwenzio mmelala mmepishana kama msalaba, mkono wake katikati ya mapaja yako, kidole gumba chake kinatazama juu, unavuta kuelekea upande wa kidole chake kidogo huku unapandisha kiuno. (Na ju hii ya kumi si ile ju ya judo, ile ya judo ni ulaini, zinasikika sawa ila maandishi mengine kabisa.) Sankaku ni san, tatu, na kaku, pembe, na Kiswahili kinasema vilevile, pembetatu, neno kwa neno ila tumegeuza tu kipi kitangulie. Ni lile umbo la miguu yako inapofungana.

Sasa lile swali la mwanzo. Ukisikia hishigi, mkono umenyooka, unakipeleka kiwiko kule ambako hakikuumbwa kwenda, maana kiwiko ni kama bawaba ya mlango, kinafunguka upande mmoja tu. Ukisikia garami, mkono umekunjwa na umezungukwa, na shida inapanda kwenye kiwiko na bega kwa kusokotwa. Kwenye zile kumi za Kodokan nane ni za hishigi na mbili ni za garami, ude-garami ya mkono na ashi-garami ya mguu, ambayo inasokota goti na hairuhusiwi kwenye mashindano. Ndo tofauti ambayo mimi sikuijua siku ile, neno moja tu, na mwenzangu akalipia kwa wiki tatu.

Ude-garami ni moja lakini ina pande mbili, mkono uliokunjwa kuelekea juu karibu na kichwa, na mkono uliokunjwa kuelekea chini karibu na kiuno. Judo inaziita zote ude-garami. Wa jiu-jitsu ya Brazil ile ya juu wanaiita Americana na ile ya chini Kimura, na hii ya pili ina historia yake. Mitsuyo Maeda, mtu wa Kodokan, alifika Brazil mwaka 1914, akaja kumfundisha Carlos Gracie, Carlos na ndugu zake wakaendeleza, na majina mengi ya Kijapani yakabaki njiani. Alafu tarehe 23 Oktoba 1951, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, Masahiko Kimura, mwanajudo wa Kijapani, akapambana na Hélio Gracie, mdogo wake Carlos, akamrusha na kumrusha, raundi ya pili akampata kwa ude-garami, mkono ukavunjika na Hélio hakukubali kusalimu, mpaka upande wake wakatupa taulo. Wabrazil wakaipa loki jina la mtu aliyewashinda. Mimi hilo nalipenda sana, ni heshima kubwa. Ila kwa mwanafunzi ujue umepoteza maelekezo, Kimura halikwambii mkono unakunjwa, garami linakwambia.

Maneno ya kuyaangalia kwa makini. Gatame haimaanishi loki ya kiungo kila mara, kesa-gatame ni ya kumbana mtu chini tu, hakuna kiungo kinachoumia, maana gatame ni kukaza, na unaweza kumkaza mtu mzima. Juji nayo ikifuatwa na jime ni kukaba kwa kola, si mkono tena, kwa hiyo subiri neno la mwisho kabla hujaanza kusogea. Gyaku ni kinyume, na kwenye jujutsu ya zamani, ile sanaa ya mapigano iliyozaa judo, neno hilo peke yake walilitumia kwa loki za viungo, kwa sababu unakipeleka kiungo kinyume, lakini kwenye judo gyaku-juji-jime ni kukaba, kilichogeuka pale ni mshiko wa mikono. Na kata, nilisema nitairudia. Kuna kata ya mfululizo wa mbinu zilizopangwa, kuna kata ya bega kama kwenye kata-gatame, na kuna kata ya upande mmoja au nusu kama kwenye kata-juji-jime. Sikio haliwezi kuzitenganisha, maandishi yao ndo yanatenganisha, kwa hiyo sisi tunategemea neno linalofuata. Ongeza na kata yetu ya kisu, ziko nne.

Kwa wale wa aikido mambo ni tofauti kidogo. Morihei Ueshiba, aliyezaliwa 1883 na kufariki 1969, alisoma Daito-ryu, mtindo mmoja wa jujutsu, kwa Sokaku Takeda, na kwake viungo vinavyofanyiwa kazi zaidi ni kifundo cha mkono, kiwiko na bega, wakati mashindano ya judo yanaruhusu kiwiko peke yake. Majina maarufu ni ya namba, ikkyo, nikyo, sankyo, yonkyo, gokyo, fundisho la kwanza mpaka la tano, na namba hazikwambii chochote kuhusu mkono. Lakini kila moja ina jina la pili linaloeleza, na hilo ndo ulishike. Ikkyo ni ude-osae, kukandamiza mkono. Nikyo ni kote-mawashi, unauzungusha ule mkono mdogo. Sankyo ni kote-hineri, unausokota. Yonkyo ni tekubi-osae, unakandamiza pale kwenye shingo ya mkono. Gokyo ni ude-nobashi, unaunyoosha. Kote-gaeshi, ambayo kila mtu anaijua, ni kuugeuzia ule mkono mdogo kule kwa mwenyewe. Na shiho-nage ni kurusha pande nne, shi ni nne, ho ni upande.

Loki za miguu sitazikalia sana. Utasikia akiresu-ken-gatame, ken ni ule mshipa mnene wa nyuma ya kifundo, na hiza-juji-gatame ambayo hapa ndio, goti linaloumia ni la mwenzio, kwa sababu hiza imekaa nafasi ya kwanza. Umeona kanuni inavyofanya kazi? Ile ya kisigino Wajapani wenyewe wanaiita hiiru-hoorudo, wamelichukua neno la Kiingereza wakalitia irabu kama tunavyofanya sisi.

Kujifunza kwenyewe mi nashauri hivi. Usianze na orodha ya kumi, anza na katame-no-kata, ina mbinu kumi na tano, tano za kubana, tano za kukaba, tano za viungo, na zile tano za viungo zina mpangilio wake usiobadilika, ude-garami, juji-gatame, ude-gatame, hiza-gatame, mwisho ashi-garami. Fanya na mtu mmoja mnayeaminiana, polepole, na kabla ya kila moja wewe tori useme jina lote kwa sauti, na uke ajibu kwa Kiswahili kipi kitaguswa na kitaenda wapi: "kiwiko, kinanyooka", "kiwiko na bega, nimekunjwa". Asipojibu hamuanzi. Inachelewesha, ndio, darasa letu mwanzo walilalamika, lakini baada ya mwezi watu walikuwa wanaitikia jina wasilowahi kulisikia na wanapatia.

Na neno ambalo wote wawili mlijue kabla ya yote hayo ni maitta, nimeshindwa. Unalisema au unagonga mara mbili au zaidi, mkekani au kwenye mwili wa mwenzio, mikono ikiwa imebanwa unagonga kwa mguu. Kwenye waki-gatame lisemeni au gongeni mapema kuliko mnavyodhani, maana ile tori akijitupa chini na uzito wake wote kiwiko kinakwenda kabla mdomo haujafunguka, na ndo maana kujitupa hivyo kwenye mashindano ya judo unatolewa moja kwa moja. Tori akisikia hata ile "mai" peke yake, anaachia.